Kadi za Maji

"Nimekuletea joka," Bernadi alisema, akanyoosha kadi inayong'aa.

Edina hakuipokea. Alikuwa anageuza usipa kwenye chanja, mikono inanuka samaki.

"Umetoka Maguu mlimani mpaka huku Liuli ziwani kuniletea karatasi?"

"Ndiyo ile tuliyochezea shuleni. Nimefungua sanduku la marehemu mzee, nimezikuta zote."

Kumbukumbu zikamjia. Walikuwa kidato cha pili, mwalimu mgeni akaondoka akawaachia boksi la kadi za mchezo, zenye picha za majoka, moto na maji. Jumapili baada ya ibada walikaa kwenye baraza la bweni wakacheza mpaka kengele ya chakula. Joka la Bernadi liliogopwa na shule nzima. Lakini haliingii mchezoni bure: linalipiwa kwa kadi tano za maji, na yeye hakuwa nazo. Edina alimpa zake. Kila Jumapili.

"Na za maji ziko wapi?" Edina aliuliza.

"Zile? Nimewashia moto. Nimeangalia kwenye simu, wanasema zimejaa kila mahali, hazina thamani."

"Bernadi wewe! Miaka ishirini na bado hujakua. Joka lako liliwahi kuingia bila maji?"

"Halijawahi."

"Hesabu ulifaulu kwa daftari la nani? Ulipolazwa na malaria, uji alikuletea nani? Ukamaliza shule, ukapanda zako mlimani. Hata salamu!"

Njia nzima kwenye pikipiki Bernadi alikuwa akipanga maneno matamu. Yote aliyasahau.

"Nasikia Nicholaus analeta posa kesho."

"Analeta."

"Unampenda?"

"Ana gari, ana nyumba Mbinga mjini. Hajawahi kuuliza usipa unakaukaje. Naye joka tu. Na wewe, ulishanipa nini? Kitu cha kawaida, kisichong'aa."

Bernadi alifikiri. Akatafuta mpaka utotoni.

"Hakuna," alisema. "Nilikuwa napokea tu. Nilidhani ushindi ni wangu."

Edina alirudi kugeuza usipa.

"Nilikuwa nakupa kwa sababu nilipenda unavyocheka joka likiingia," alisema taratibu. "Mjinga mimi."

Ngurumo ikapiga upande wa milima. Mvua ya kwanza.

"Usipa wangu!"

Bernadi alitupa koti chini, akashika beseni. Hakuagizwa. Walikusanya, wakabeba, wakarudi, chanja baada ya chanja, mpaka kibanda kikajaa na shati lake likanuka kama ziwa lote. Alipokanyaga tope akaanguka kifudifudi, beseni limeinuliwa juu, Edina alicheka mpaka akakaa chini.

"Inuka, Mmatengo wa mlimani! Kesho kutwa tunaanika tena. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Kahawa nimeshavuna."

"Na mwezi ujao?"

"Hata mwakani. Mpaka unichoke."

Edina alifuta mikono, akachukua simu, akaandika huku Bernadi akisoma juu ya bega lake:

"Shangazi Aurelia, shikamoo. Mwambie Nicholaus asije. Moyo wangu haupo kwake."

Jibu lilikuja upesi: "Marahaba. Una wazimu? Nimeshaazima viti!"

"Usivirudishe. Wanakuja wa Maguu."

"Wakatoliki?! Na sisi Waanglikana?"

"Ndiyo, shangazi. Pika tu."

Bernadi alikuwa ameshapiga simu kwao.

"Baba mkubwa, shikamoo. Piga pasi suruali. Kesho tunashuka ziwani kuposa."