Shimo la Kupimia Maji

"Wakili! Shimo!"

Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu ya asubuhi nyumbani kwao. Hakuna cha umeamkaje wala umelalaje. Mama yake alikuwa mshonaji, na vyumba vyao viwili vya kupanga vilikuwa vidogo kiasi kwamba aliweza kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja na kuusukuma mlango wa binti yake kwa mguu wa pili.

Binti huyo wa miaka kumi na miwili aliitwa Wakili kwa sababu hakuwahi kukosa utetezi. Akivunja kikombe, basi kikombe ndicho kilichokuwa na haraka.

Mama alikuwa amepata kiwanja chini ya kilima, mwendo wa dakika kumi tu, na alitaka kujenga. Lakini fundi mwashi, mzee mwembamba aliyeitwa Pimamaji kwa kuwa hakuachana na kifaa hicho cha kupimia usawa hata msibani, alikataa kugusa msingi kabla ya kuijua ardhi. Alichimba shimo lenye kina cha mita moja na nusu katikati ya kiwanja, akalifunika kwa bati. Kisha akampa Wakili ufito wenye alama za sentimita, pamoja na daftari.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Nyumba ina maadui wawili wa maji. Wa kwanza ni mvua inayoteremka kilimani. Huyo unamwona akija. Unamchimbia mtaro upande wa juu, anapita pembeni. Wa pili yuko chini ya ardhi, na mvua zikikolea hupanda kimya kimya. Kila asubuhi, kwa siku kumi na nne, pima kutoka usawa wa ardhi mpaka maji yalipo, uandike. Yakibaki chini zaidi ya mita moja, tuna amani. Yakipanda juu ya hapo, itabidi kwanza tuzungushe mtaro wa kina, wenye kokoto na bomba la matundu."

"Kwa nini usipime wewe, fundi?"

"Mimi nakaa mbali. Wewe unapita hapo ukienda shule. Au na hili unakata rufaa?"

Siku nne Wakili alipima vizuri. Maji yalikuwa chini, mita moja na robo. Siku ya tano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Alipima, ila udongo wa mfinyanzi ulimng'ang'ania miguuni, ndala moja ikabaki kwenye tope, na alipofika shuleni wenzake wakamuuliza kama amepanda mpunga. Siku ya sita alipita pembeni ya kiwanja bila kugeuza shingo. Darasani alifungua daftari, akaandika: mita moja na sentimita ishirini na tatu.

Ilikuwa rahisi mno. Basi kila siku akawa anapunguza sentimita mbili hapa, anaongeza tatu pale, kama mpishi anayeonja chumvi, ili namba zisifanane sana. Ufito ukakaa mkavu uvunguni mwa kitanda.

Siku ya kumi na tano fundi alisoma daftari, akatabasamu. "Safi kabisa. Mtaro wa kina hatuuhitaji."

Msingi ukachimbwa kwa siku tatu. Asubuhi ya siku ya nne, baada ya mvua ya usiku, mitaro yote ya msingi ilikuwa imejaa maji.

"Ni yule wa kuku!" Mama alifoka. Juu ya kiwanja chao aliishi mzee mfuga kuku, na banda lake lilikuwa na paa refu la bati. Mama alipanda kilima huku ameshika pindo la gauni. "Mzee, maji yako yananiingilia kwangu!"

"Maji yangu? Kwani nimeyazaa mimi?"

"Bati ni lako!"

"Na mvua je? Nayo nimeipigilia misumari?"

Fundi aliwaacha wakijibizana, akachimba mtaro wa juu. Maji ya mvua iliyofuata yalipinda vizuri kwenye mtaro huo na kuteremka pembeni hadi korongoni. Wakachota maji ya msingi kwa ndoo mpaka migongo ikauma. Kesho yake msingi ukajaa tena. Wakachota. Ukajaa.

"Sielewi!" fundi alisema, akaitupa ndoo. "Maji ya kilimani huja mekundu kwa tope. Haya ni meupe, na yanatoka kwenye kuta za mtaro wa msingi. Kama si daftari la mtoto, ningeapa kwamba ni ya chini ya ardhi."

Wakili, aliyekuwa ameshika ndoo nyingine, aliinama haraka kuchota.

"Daftari liko wazi," Mama alisema kwa ukali. "Huyo mzee ana bomba amelificha. Nakwenda ofisi ya mtaa sasa hivi, waje wambomolee hilo banda. Wewe fundi, kesho mwaga zege. Nimechoka!"

"Zege kwenye maji, Mama Wakili? Ukuta utanyonya unyevu na kupasuka kabla hujahamia."

"Nimesema nimechoka!"

Mama alishika njia. Wakili alikimbilia kwenye shimo, akalisogeza bati. Hakuhitaji ufito. Maji yalikuwa karibu kiasi kwamba aliweza kuyagusa kwa kunyoosha mkono. Alimwona mzee wa kuku kule juu, akiwamwagia kuku wake chakula, hajui linalomjia. Akamkimbilia mama yake na kusimama mbele yake.

"Mama, usiende."

"Nipishe."

"Sikupima." Sauti ilitoka nyembamba. "Siku ya sita mpaka ya kumi na nne, namba niliziandika darasani. Maji ni ya chini. Mzee hana kosa."

Mama aliuliza, taratibu kuliko kawaida, "Na utetezi wako?"

"Sina."

"Siku tisa!" Mama alishika kichwa. "Siku tisa unaniaga asubuhi, unaniambia unapitia shimoni! Nimemtukana mtu mzima mbele ya kuku wake! Mtoto huyu atanitoa roho!"

Lakini hakwenda ofisini. Alimshika Wakili mkono, wakapanda kilima kuomba radhi.

"Shikamoo, babu," Wakili alisema akitazama chini. "Kosa ni langu. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Mzee aliwatazama kwa zamu. "Mama Wakili, kuku wangu wawili wameacha kutaga kwa sababu ya sauti yako. Nimewasamehe, ila kuku waulizeni wenyewe." Akaingia ndani, akatoka na sururu. "Haya, twendeni. Mtaro haujichimbi."

Kazi ilichukua siku tano. Walizungusha mtaro mwembamba kuzunguka msingi wote, wenye kina kirefu kuliko msingi wenyewe, unaoteremka kidogo kidogo kuelekea korongoni. Kila mita chache fundi alilaza pimamaji yake na kunung'unika. Mara mbili aliamuru waufukue upya kwa kuwa mteremko ulikuwa umekosea kwa upana wa kidole. Wakili alibeba kokoto za kufunika bomba la matundu kila alipotoka shule, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hakulalamika, na hilo lilimshangaza kila mtu.

Siku ya sita mdomo wa bomba kule korongoni ulianza kutoa maji, kwanza matone, kisha mfululizo. Kufikia jioni mitaro ya msingi ilikuwa na unyevu tu. Fundi alikaa juu ya toroli, akamwita Wakili.

"Unajua kilichoniudhi? Si kwamba ulichoka. Hata mimi huchoka. Ungeniambia, 'Babu, nimeshindwa,' ningekuja kupima mwenyewe. Daftari tupu lingenitia wasiwasi, nikachunguza. Lakini wewe ulinipa namba, na namba ikanituliza. Maji niliyaona kwa macho yangu nikayakataa, hata bati la shimo sikulifunua, kwa sababu niliamini neno lako. Uongo ulioandikwa vizuri ni hatari kuliko ukurasa mtupu, mjukuu wangu. Kazi ikikushinda, sema imekushinda. Hiyo nayo ni taarifa ya kweli, na fundi anaweza kuijengea."

Wakili aliitikia kwa kichwa, akaenda kuosha majembe.