Aliyeonja Kwanza

Telesia alipokaa kwenye stuli yake ya jikoni asubuhi ile, ili akande unga wa chapati kama alivyokanda kila siku ya Mungu, aliruka akasimama. Stuli ilikuwa na joto. Halikuwa joto la jiko, maana jiko alikuwa hajaliwasha. Lilikuwa joto la mtu aliyekaa hapo kitambo na kuinuka sasa hivi, na Makambako mwezi wa tano, ukungu ukiwa umelala mpaka vizingitini, hakuna kitu kinachojipatia joto chenyewe.

Alitazama mlango. Komeo lilikuwa mahali pake. Frederick, mumewe, alikuwa bado anakoroma chumbani, na binti yao Jackline alikuwa shule ya bweni, upande wa Kidugala. Akajiambia ni uchovu. Kisha akasikia harufu ya nanaa, kali na tamu, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kupanda wala kununua nanaa.

Tangu Frederick arudi kutoka Moroko, mgahawa wa Telesia, ulio mbele ya nyumba yao kando ya barabara ya kwenda Njombe, ulikuwa umegeuka baraza la safari. Chama cha wakulima wa parachichi kilimpeleka huko yeye na Dionis, jirani yake wa shamba, wakaone wenzao wa Larashi wanavyomwagilia miche. Miche hakuisimulia hata siku moja. Alisimulia chakula. Watu waliagiza wali maharage wakalishwa Moroko.

"Ukifika Tanja," alikuwa akisema, mguu juu ya mguu, "usikae mikahawa ya bandarini, utalipia upepo wa bahari. Ingia vichochoro vya mji wa kale, tafuta watu waliosimama na mabakuli. Hiyo ni bisara, supu nzito ya maharage, mafuta ya zeituni yanaelea juu. Tetuani nenda jioni, unywe harira, supu ya nyanya na dengu. Larashi kula sardini wa kuchoma, mkate mkononi, habari ya sahani sahau."

"Na Asila?" aliuliza Yusto, fundi pikipiki, kwa uchokozi, maana alijua hapo ndipo mwenzake hukwama.

"Asila ni chai," Frederick alijibu, na macho yakamwenda mbali. "Asila mtu anakunywa chai tu."

Telesia alicheka pamoja nao. Alijivunia mume aliyekula mbali na bado akarudi kwake. Baadaye hicho kicheko ndicho kilichomuuma kuliko yote.

Mambo hayakuishia kwenye stuli. Akiwa anaosha vyombo alisikia chai ikimiminwa chumba cha pili, kutoka juu sana, mlio mwembamba mrefu unaoingia kwenye glasi na hauishi, na akienda kutazama anakuta chumba kitupu na nanaa imejaa puani. Frederick naye akapata tabia mpya. Akipewa kikombe hakinywi. Anakisogeza pembeni kidogo, hewani, anangoja, halafu ndipo anakunywa.

"Baba Jackline, unamngoja nani?"

"Simngoji mtu. Ni cha moto hiki."

Siku moja Rebeka, anayemletea mboga, aliweka tenga chini akainama na kunong'ona. "Kamwene, mama Jackline. Mgeni wako hajambo?"

"Mgeni gani?"

"Yule anayekaa kwenye stuli yako. Nimemsalimia akanitazama tu. Amevaa kitenge chako, dada. Nikadhani umempa."

Jioni hiyohiyo simu ya Telesia ililia, namba ya matroni wa shule. Alikuwa Jackline. "Mama, jana ulipokuja mbona hukuongea? Uliweka chupa ya chai, ukanishika kichwa, ukaondoka."

Jana Telesia hakutoka Makambako. "Uliinywa hiyo chai, mwanangu?"

"Sikuinywa. Hukuonja."

Kwao ndivyo watoto wanavyolelewa. Anayekupa kinywaji anaonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo unapokea, upate kujua hakuna sumu wala fitina. Hata ulanzi, pombe ya mianzi, kilabuni unafuata njia hiyo. Telesia alimwambia mtoto aimwage chai ile nje na asipokee kitu kwa mtu yeyote, hata kwa mama yake. Asubuhi akafunga mgahawa akaenda Njombe kumtafuta Dionis.

Alimkuta akipanga parachichi kwenye kreti. Dionis alipomwona tu alijua.

"Shemeji, mwenyeji wetu alituonya," alisema kwa sauti ya chini. "Nyuma ya ukuta wa Asila kuna kibanda cha chai chenye meza moja. Akasema, mkikikuta hakina mteja, piteni. Tukapita. Frederick akarudi, nikamfuata mpaka mlangoni. Mwanamke akammiminia chai. Sasa sisi tunajijua, Frederick akamsukumia glasi, akamwambia onja kwanza. Alikuwa anaogopa sumu tu, shemeji. Yule mama akacheka, akaonja. Mwenyeji alipokuja kusikia alishika kichwa. Kule mtu hali wala hanywi pamoja na wale, na kuchangia nao glasi moja ni ndoa."

"Waliongea lugha gani?"

"Kiswahili. Kama chako hivi." Dionis aligeuza parachichi mkononi, hakumtazama. "Na kabla hajampa glasi alimuuliza swali. Nyumbani nani anakuonjea? Frederick akajibu, hakuna mtu."

Jini lilimtisha Telesia, hilo halina ubishi. Lakini neno lile lilimchoma mahali pengine kabisa, ambapo hofu haifiki. Maisha yote ya ndoa yake alikuwa ameonja uji wa mtu yule, togwa yake, dawa zake alipougua homa, na mbele ya tabasamu moja la ugenini amefutwa.

"Na wewe ukanyamaza muda wote huu?"

"Aliniapisha. Ni rafiki yangu."

"Na mimi ni nani yako, Dionis?"

Dionis akarudi kwenye kreti zake.

Shangazi Feliciana, aliyemlea Frederick tangu akiwa yatima, alikuwa mtu wa rozari na wa dawa za miti kwa pamoja, na misheni walikuwa wamechoka kumsema. Telesia alipomweleza, alisikiliza hadi mwisho. "Amekaa mahali palipoachwa wazi," alisema. "Wewe utaonja ulanzi mbele ya watu, utampa mumeo, naye apokee kwako anywe. Akinywa, yule hana pa kukaa. Lakini apokee kwa hiari. Akikataa, kila mahali ulipokuwa unaonja wewe, ataonja yule."

"Kwa Jackline pia?"

"Kwa Jackline pia. Usiogope, mwanangu. Atapokea. Nimemlea mimi."

Frederick alipoelezwa alilia. Alipiga magoti, akaomba msamaha, akasema ni shetani tu alimpitia, na Telesia, kwa kuwa alimpenda na alitaka kuamini, akaamini.

Wakakutana Jumapili mchana baada ya misa, mgahawa umefungwa, ukungu umebana madirisha. Walikuwa wao wawili, Feliciana, Dionis na Rebeka. Feliciana alifukiza majani yake, akasali, akajaza kikombe cha ulanzi. Telesia akaonja, ukamkwaruza koo, akamnyooshea mumewe. Na hapo mlio ule wa chai ukaanza, kutoka juu ya dari, mwembamba, usio na kituo, nanaa ikafunika moshi wa dawa mpaka Rebeka akaziba pua na kanga, na stuli ya jikoni, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaja ikijiburuta sakafuni taratibu kama inayosukumwa na goti la mtu asiye na haraka, ikapita katikati yao, ikasimama mezani ubavuni mwa Frederick, na kitenge cha Telesia, kile chekundu alichokuwa amekikosa kwenye kamba, kilikuwa kimetandazwa juu yake na kimebonyea katikati.

Frederick akapokea kikombe kwa mikono miwili. Telesia akashusha pumzi.

Kisha Frederick akageukia stuli. "Onja kwanza," akasema kwa sauti ya upole, sauti aliyomposea Telesia, na akakinyoosha kikombe hewani. Ulanzi ukapungua. Wote waliuona ukishuka.

"Frederick!" Shangazi aliita. "Mwanangu, ni hiari yako! Rudisha!"

Telesia alimshika mkono. Kwa mara ya kwanza tangu Jackline azaliwe alimwita kwa jina. "Frederick, nitazame. Nyumbani nani anakuonjea?"

Akamtazama. Hakuwa amepagawa. Laiti angekuwa amepagawa! Macho yake yalikuwa makavu, yanamfahamu mkewe vizuri, na kwa mbali yalikuwa na aibu.

"Hakuna mtu," alisema, akanywa mpaka mwisho.

Mlio ukakatika. Kitenge kikalala bapa juu ya stuli, hakuna tena kilichokibonyeza, na harufu ikatoweka. Rebeka akaanza kumshukuru Mungu. Feliciana hakushukuru. Alimgeukia Telesia. "Ameondoka hapa," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

Simu ya matroni haikupokelewa. Yusto akaitwa, akampakia Telesia kwenye pikipiki, wakakimbia barabara ya Kidugala taa zikiwa zimewashwa mchana, ukungu ukiwapiga usoni, na njia nzima Telesia hakusali wala hakulia, alirudiarudia tu jina la mwanawe. Ilikuwa Jumapili ya wazazi. Mlinzi getini alimtazama kwa mshangao kidogo, akamfungulia bila kumuuliza jina.

Jackline alikuwa kwenye benchi chini ya misindano, amejifunika sweta la shule, chupa ya chai ubavuni. Alimwona mama yake akakunja uso.

"Umesahau nini, Mama? Si umeondoka sasa hivi?"

Upepo ulileta harufu ya nanaa.

"Leo nimefurahi," Jackline alisema, akampa kikombe kitupu akishike. "Leo ulionja."