Madirisha Yaliyopigiliwa Misumari

Tulikuwa mafundi cherehani kumi na wanane katika chumba kimoja. Tulishona makoti meupe ya wauguzi. Siku moja mzigo mzima ulirudishwa kwa sababu ya vumbi. Msimamizi wetu alichukua nyundo, akapigilia misumari madirisha yote sita. Kisha akaleta kiyoyozi. Tulimshukuru. Naona aibu kusema hivyo, lakini tulimshukuru.

Tangu hapo kikohozi hakikutoka chumbani. Akipona huyu, anaanza yule. Tukaletewa dawa ya kuua vijidudu. Kila asubuhi tulifuta meza, mashine, hata vitasa vya milango. Tulifuta mpaka vidole vikachubuka, na bado tulikohoa.

Nyumbani nilikuwa na mtoto wa miezi saba. Nilikohoa kazini, nikampelekea kikohozi. Mara mbili alilazwa kwa nimonia. Mara ya pili aliwekewa oksijeni. Daktari aliniambia, "Mara ya tatu siwezi kukuahidi kitu, mama."

Mdogo wangu alikuja kumwona. Yeye ni mwanasayansi. Anachunguza magonjwa yanayoenea kwa hewa ndani ya majengo, na anaandika kanuni za kuyazuia. Nyumbani tunamtania kwa kumwita Bibi Upepo.

"Dada, huko kazini mnapumua nini?" aliuliza.

"Hewa. Tuna kiyoyozi."

"Kinaleta hewa kutoka nje?"

"Kinaleta baridi."

Hakucheka. "Hicho kinachukua hewa ileile ya chumbani, kinaipoza, kinawarudishia. Mwenzako akikohoa, hata akiongea tu, anatoa chembe ndogo zisizoonekana. Zinaelea kama moshi. Nani anafuta moshi kwa kitambaa?"

"Sasa tufanyeje?"

"Fungueni madirisha ya pande zote mbili. Hewa iingie huku, itokee kule."

Hasira zilinipanda. "Umesoma miaka yote hiyo uje kutuambia tufungue dirisha?"

"Ndiyo," alisema. "Na bado hamfungui."

Kesho yake alikuja karakanani na kipimo kidogo cha kutosha kiganjani. Kinapima hewa chafu tunayoitoa tunapopumua.

"Nje kinasoma mia nne na kitu," alitueleza. "Ndani kikipita elfu moja, ujue hewa safi haiingii ya kutosha."

Alikiweka juu ya mashine yangu. Tulisubiri. Kilisoma elfu mbili mia tisa.

Msimamizi alikunja mikono. "Kuna sheria inayonilazimisha kufungua?"

Mshipa ulimsimama mdogo wangu shingoni. "Hakuna. Rasimu yake niliiandika mimi. Mwaka wa nne huu iko kwenye kabati la wakubwa wa serikali, haijapitishwa. Nikiuliza, naambiwa subira huvuta heri. Heri gani, na watoto wanalazwa?"

"Na vumbi je? Mzigo ukirudi utashona wewe?"

Hapo nilisimama.

"Vumbi tutalizuia kwa shuka," nilisema. "Mapafu ya mwanangu nitayafunika na nini? Lete nyundo."

Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine. Wote kumi na wanane tulikuwa wima. Msimamizi alileta nyundo, tukang'oa misumari na kufungua madirisha yote.

Saa moja baadaye kipimo kilisoma mia saba. Siku hizi kila koti likiisha tunalifunika, na sakafu tunaipiga deki kabla ya kazi. Hakuna mzigo uliorudishwa. Bado mtu hupata mafua, lakini hatuangukii kitandani kwa zamu. Mtoto hajalazwa tena.

Nilidhani hasira zitaisha. Hazikuisha. Karakana ngapi bado zimefungwa? Basi mdogo wangu alipoitwa mbele ya wakubwa kuieleza sheria yake, nilikwenda naye kutoa ushahidi, mtoto mgongoni.

Chumba chao kilikuwa na mazulia, mapazia mazito, na madirisha yaliyofungwa. Mdogo wangu alisoma, wao wakapiga miayo. Mwenyekiti alikohoa, akafuta mdomo kwa leso, akakohoa tena.

Niliinuka, nikatoka hadi kwenye ubaraza.

"Mama, mbona unatoka?" mwenyekiti aliuliza. "Zamu yako ya kusema imefika."

"Nitasemea hapa mlangoni," nilijibu. "Mtoto huyu nimemtoa kwenye oksijeni. Simrudishi humo mpaka mfungue madirisha."

Walitazamana. Mwenyekiti mwenyewe alisogeza pazia na kuhangaika na komeo lililoshika kutu. Lilipoachia, upepo uliingia ukapeperusha nakala za sheria zilizokuwa mbele yao. Kila mmoja alishika yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne, wakaanza kuisoma.