Usukani Unacheza

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha vyombo, Chiriku aliingia kwenye gereji ya baba yake iliyokuwa nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe kwa sababu ya domo lake, maana akianza kusema, hata redio inaomba poo. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha dereva na kugeuza usukani kushoto na kulia, huku baba yake, fundi wa magari, amelala chini ya gari akivitazama viungo vinavyogeuza magurudumu.

Siku hiyo gari lilikuwa la mkunga wa mtaa wao. Fundi alikuwa amebadilisha kiungo kimoja kilicholika, na alitaka kujua kama usukani bado unacheza, yaani kama unazunguka bure kabla magurudumu hayajafuata. Ukicheza, basi na kiungo cha pili kimekwisha. Chiriku aliuzungusha kwa mkono mmoja, akauona umelegea. Mkono wa pili, ala! ulikuwa umeshika simu ya baba, simu aliyokatazwa kuigusa, na mchezo wa magari ulikuwa umemkolea.

"Unacheza?" fundi akauliza kutoka chini.

Moyo ukamlipuka. Ameniona! "Hapana, baba! Wala!"

"Afadhali." Fundi akatoka chini ya gari akijifuta grisi, uso umekunjuka. "Maadamu usukani hauchezi, namwita mwenyewe aje achukue gari lake."

Hapo ndipo Chiriku alipoelewa alichoulizwa. Maneno yalimfika kooni. Lakini akisema usukani unacheza, ataulizwa mbona alikana, na habari ya simu itatoka. Akanyamaza, yeye, Chiriku! Akairudisha simu kitini, akashuka zake.

Siku chache baadaye kiungo cha pili kilichomoka barabarani. Gari lilikataa kukata kona, likaparamia ukuta, na mkunga akavunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Mtaa mzima ulimjia juu fundi. Wateja wakamkimbia, na watoto wakamwita fundi wa kubahatisha. Kilichomuuma Chiriku zaidi ni kumkuta baba amekaa juu ya tairi kuukuu, akitia spana zake guniani.

"Akili imenitoka, mwanangu," alisema. "Kama nilikuwa chini ya gari na sikukiona kiungo kilichokwisha, nitashikaje gari la mtu? Naacha ufundi."

Chiriku akalia kwa kwikwi, akatapika yote: simu, mchezo, jibu lile na kimya kilichofuata. Fundi hakumpiga. Alimkazia macho kama mtu asiyemjua, na hilo lilimchoma mtoto kuliko fimbo. Kisha akamshika mkono, wakaenda kwa mkunga.

Mkunga aliwasikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa kwenye plasta ngumu.

"Fundi, na wewe una kosa," akasema. "Jambo la roho za watu humwachii mtoto. Unakaa kitini, unashika usukani mwenyewe."

"Kweli, mama. Nilifanya uvivu wa kutoka chini ya gari."

"Gari nitakuachia ulitengeneze upya, na watu nitawaeleza ilivyokuwa. Usiache kazi." Kisha akamgeukia Chiriku.

"Nisamehe, bibi," Chiriku akasema.

"Nimekusamehe. Lakini sikia. Ungegombezwa kwa ajili ya simu, na yangekwisha jioni ile ile. Ukishaona jibu lako limekwenda kombo, lisahihishe hapo hapo, hata kama utaaibika. Ukweli wako wa leo umeokoa kazi ya baba yako. Mimi umenikuta nimeshaumia."

Kabla hajamaliza, mtu akapiga hodi kwa pupa. Alikuwa kijana wa jirani, anahema. "Bibi, mke wangu ameshikwa na uchungu!"

Mkunga akainuka kwa mazoea, halafu akautazama mkono wake na kuketi tena.

"Fundi atawapeleka hospitali, mwanangu," akamwambia. "Daktari amesema vidole hivi havitakunjika tena. Mimi sizalishi tena."

Fundi akatoka mbio kutafuta gari. Chiriku alibaki amesimama mlangoni, akiutazama mkono ule wenye plasta.