Arafa Ambazo Hazikufika

Kila Jumamosi Bhoke alifagia duka la dawa za mifugo la mjomba wake, daktari wa mifugo Mniko, pale Uriri, kisha akaketi mbele ya kompyuta. Msichana huyu wa Gredi ya Nane alikuwa amejifunza Perl, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, katika klabu ya shule, na hakumpa mtu nafasi ya kusahau. Ijumaa moja aliandika skripti, yaani orodha ya amri, ya kuita programu ya kutuma arafa, ili wafugaji arobaini walete ng'ombe wachanjwe kesho yake saa tatu. Kando ya kila jina ilitokea nambari moja: 256. Shuleni sufuri ni ya waliofeli, na hii ilikuwa 256! Bhoke alijipongeza, akazima kompyuta.

Kesho yake saa nne ilipogonga, aliyekuwa amefika ni mzee Oyaro tu na ng'ombe wake sita. Chanjo ilikwisha kuchanganywa. Isipotumiwa kufikia saa sita, ingemwagwa, na nyingine ingekuja baada ya miezi mitatu. Ng'ambo ya mto ugonjwa wa mapele ulikuwa umeshaua ndama wawili.

"Hawa watu wamenidharau!" Mniko alifoka. "Wasiniite tena!"

"Daktari, usiwalaumu bure," Oyaro akasema. "Mimi uliniambia na mdomo pale sokoni. Message sijaona."

Bhoke aliingia ndani mbio. Aliita ile programu peke yake, bila skripti, nayo ikaandika: modemu haipatikani. Kifaa hicho cha kupeleka arafa, yeye mwenyewe ndiye aliyekichomoa jana ili achaji simu. Alifungua daftari la klabu. Kumbe Mwalimu Jedidah aliwaandikisha wazi: programu ikifaulu hurudisha sufuri; Perl ikionyesha nambari nyingine yoyote, kuna hitilafu.

Angeweza kutuma upya na kunyamaza, nani angejua? Lakini huko nje mjomba alikuwa bado anawatukana wafugaji wasiofika, na Bhoke aliona haya.

"Anko, ni makosa yangu," alisema. "Message hazikuenda. Mashine iliniambia imeshindwa, nikadhani inanisifu."

Mniko aliangalia saa yake. "Basi tuma sasa. Haraka!"

Bhoke alichomeka modemu, akarekebisha skripti isimame na kutoa onyo ikipata chochote kisicho sufuri. Sufuri arobaini zikajipanga. Hata hivyo alimpigia simu Mama Monicah, mmoja wa wafugaji, ili ahakikishe.

"Umepata message?"

"Nimeipata saa hii. Tunakuja na ng'ombe."

Kufikia saa tano na nusu foleni ilikuwa imefika barabarani, na chupa ya chanjo ikaisha kabla ya saa sita.

Mniko alinawa mikono. "Bhoke, ukimtuma mtu kazi, ngoja jibu lake, na ulielewe kabla ya kushangilia. Ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo. Kunyamaza kungetumaliza."

"Nimesikia, Anko."

"Nami sikuuliza kabla ya kutukana." Alivua kofia, akawafuata wafugaji waliokuwa bado barabarani, akamwomba radhi kila mmoja kwa jina lake.