Sifuri za Tidiane

Kila siku saa moja kasorobo asubuhi, jikoni kwangu hapa Landivern palikuwa na vijana wawili, mabakuli mawili ya kahawa ya maziwa, na mkate mmoja ambao haukumaliza dakika tano. Klabu ya mpira ya mji wetu ina kituo cha kukuzia wachezaji, na vitanda vya kituo vikijaa, vijana wengine hupelekwa kuishi katika nyumba za watu. Mimi, Soizic, mjane mwenye vyumba viwili vya ziada na ulimi usiojua likizo, nililetewa washambuliaji wawili. Nilikuwa nimeomba mabeki, nikidhani mabeki hula kidogo.

Mmoja aliitwa Gwendal Cloarec, mtoto wa mfugaji wa nguruwe wa kijiji cha jirani, mpana wa mabega na mpole. Wa pili alikuwa Tidiane Sacko, mrefu, mwembamba, kutoka Sevran kule pembeni ya Paris, ambako mama yake husafisha ndege kabla hazijaruka. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na saba, wote walivaa namba tisa walipoweza kuinyakua, na mwezi wa Aprili klabu ingemchagua mmoja tu wa kupewa mkataba wa kulipwa, wa kuanza Juni. Mwingine angerudi kwao na begi lake. Walilijua hilo, na bado walinyang'anyana jamu kama ndugu wa tumbo moja.

Kabla ya kula, kila mmoja alitakiwa kujaza fomu ya daktari wa klabu kwenye simu yake: umelala saa ngapi, umechoka kiasi gani, una maumivu kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi. Gwendal aliandika ukweli, hata siku aliyoumwa tumbo kwa kula soseji zangu sita. Tidiane aliandika sifuri. Mimi nilikuwa nasimama nyuma yake na birika, na macho yangu ni mazima kuliko ninavyowaambia watu. Sifuri jana, sifuri leo. Nikamwambia kwamba mtu anayeishi na mimi na hana maumivu hata kidogo, huyo ni malaika. Akacheka kidogo, akaangalia pembeni.

Alhamisi moja ya Aprili nilitoka kununua mkate, nikarudi kwa sababu nilikuwa nimesahau pochi. Nikamkuta Tidiane akishuka ngazi kwa makalio, moja moja, kama mtoto wa mwaka mmoja. Ameuma taulo, na jasho linamtiririka asubuhi ya baridi.

Nilimwambia apandishe suruali. Kwenye muundi wa mguu wa kushoto palikuwa na uvimbe mgumu kama nusu ya yai. Nikaugusa kwa kidole kimoja tu, naye akajiuma mkono asipige kelele. Ilikuwa wiki ya tatu, akasema. Mwanzo uliuma akikimbia. Sasa hata uzito wa blanketi ulikuwa unamuumiza.

"Bibi, nakuomba. Usiseme."

"Nisimwambie nani? Klabu au mama yako?"

"Wote. Jumamosi kocha wa timu kubwa ya klabu anakuja kutuangalia, jioni wanaamua, na Jumapili aliyechaguliwa anatia sahihi. Mama ameshakata tiketi ya treni ya kuja kuniona nikitia sahihi. Amewaambia jengo zima, Bibi, hadi muuza nyama. Nikirudi Sevran na begi, mama atapita wapi?"

Nilikuwa nimetia sahihi karatasi ya klabu kwamba kijana akiugua nitasema. Lakini nilimtazama yule mtoto akitetemeka kwenye ngazi zangu, nikamwambia sawa, nitanyamaza hadi Jumamosi. Hapo ndipo nilipokosea. Mimi mwenyewe humwambia daktari wangu kwamba siagi ya chumvi niliiacha zamani, kwa hiyo uwongo ulipobisha hodi, ulimkuta mwenyeji wake. Tidiane akakaa mezani, akachukua simu, akaandika sifuri mbele ya macho yangu. Nami nikammiminia kahawa.

Ijumaa hakula. Alishinda ukumbini akijifunza kutembea bila kuchechemea, kutoka mlango wa jiko hadi dirishani na kurudi. Kila akifika dirishani aliniuliza kama anaonekana anachechemea. Nilimwambia anaonekana. Akarudia. Mara ya kumi na nne nikamwambia haonekani, naye akajua namdanganya, akaendelea kutembea.

Jumamosi mvua ilinyesha. Kocha wa timu kubwa alikaa chini ya mwavuli na daftari lake, na siku hiyo vijana wangu wawili walipangwa pamoja mbele. Dakika ya ishirini, Gwendal alimpenyezea Tidiane mpira safi, akabaki yeye na kipa tu. Tidiane akakanyaga mguu wa kushoto ili apige kwa wa kulia. Mguu ukamkataa. Alianguka peke yake, hakuguswa na mtu, na mpira ukajiendea taratibu hadi mikononi mwa kipa. Watu wakacheka. Mzee mmoja nyuma yangu alisema yule mrefu aletewe kitanda. Ni mzaha ambao siku nyingine ningeutoa mimi.

Alimwambia mwamuzi ameteleza. Akaendelea kucheza, akikimbia kama mtu anayekanyaga makaa, na kila alipogeuka niliona midomo yake imekuwa myeupe.

Wakati wa mapumziko nikashuka hadi kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, nikijidai nimeleta sweta. Gwendal alikuwa amemshika mwenzake jezi.

"Umeumia wewe."

"Nimeteleza."

"Tidiane, kwetu kuna nguruwe mia nne. Anayechechemea namjua hata akijificha katikati ya wenzake."

"Basi nenda kamwambie daktari. Nafasi iwe yako, si ndicho unachotaka?"

"Ndiyo shida yenyewe hiyo. Nikienda mimi, maisha yangu yote watasema nilikuchongea nipate mkataba. Nisipokwenda, utavunjika mbele ya macho yangu. Usinifanyie hivi, ndugu yangu. Nenda mwenyewe."

Tidiane akanigeukia. Alitaka nimwokoe kwa uwongo mwingine mdogo, na mimi katika umri wangu wote sijawahi kukosa la kusema.

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Ilinipasa nikuambie juzi."

Alilia pale pale, amesimama, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kisha akaelekea chumba cha daktari, akichechemea bila kuficha.

Daktari Prigent alimpeleka hospitali kupigwa picha. Mfupa ulikuwa na ufa uliofika katikati. Akamfungulia fomu zake zote, sifuri chini ya sifuri.

"Siku ishirini na tatu," akasema. "Mnadhani nawauliza ili nipate sababu ya kuwatoa. Ungeniambia siku ya kwanza, ningekupumzisha wiki chache, na Juni ungekuwa uwanjani. Sasa ni miezi minne. Ungecheza kipindi cha pili leo, huenda mfupa ungekatika, na nisingekuahidi kitu tena kuhusu mpira."

Jioni ile ile mkataba alipewa Gwendal. Siku hiyo hakugusa chakula, kwa mara ya kwanza nyumbani kwangu. Tidiane alilala amegeukia ukuta. Hakuthubutu kumpigia mama yake, hadi nilipobonyeza namba mwenyewe nikamwekea simu sikioni. Alisema yote kwa pumzi moja. Upande wa pili simu ikakatika.

Nawaambieni mapema msije mkakosa usingizi: klabu ilimwongezea mwaka mmoja, mguu ukapona, na mwaka uliofuata akatia sahihi. Leo anacheza ligi ya pili, na akikosa bao la wazi namtukana kwenye televisheni mpaka jirani agonge ukuta. Lakini wakati ule hatukujua lolote. Tulijua tu kwamba mama amekata simu.

Jumapili akaja na treni, kwa ile ile tiketi. Bi Sacko ni mwanamke mfupi wa sauti ndogo. Hakuuliza habari za mkataba. Alikaa kitandani, akauinua ule mguu wenye plasta, akaupakata.

"Simu nilikata kwa sababu nilikuwa nalia kazini," akasema. "Nani alikwambia mimi naishi kwa mkataba wako?"

"Mama, nimekuaibisha kwa jengo zima."

"Jengo litapata habari nyingine. Nisikilize. Mimi nilileta mtoto hapa, sikuleta mguu. Nimekufundisha kuvumilia kazi, na sijutii. Lakini kumdanganya daktari si kuvumilia, ni woga uliovaa jezi. Ukiumwa, useme siku hiyo hiyo, hata kama kusema kutakugharimu kile unachokitaka kuliko vyote. Umenielewa?"

Tidiane akasema ameelewa. Kisha mama akanigeukia mimi, mlangoni.

"Na wewe, Bibi, mtu mzima na akili zako, ulinyamaza?"

Nilikuwa na jibu tayari, tena la kuchekesha. Nikalimeza. Nikaingia ndani, nikawaomba msamaha mama na mwana, huku Gwendal akisikia kutoka ukumbini.