Kochi Lililomshinda Bibi

Kila siku akitoka shule, Mpangaji alivua sare, akanawa miguu bombani, akashika ufagio. Kufagia sebule ilikuwa zamu yake, lakini yeye hakuishia hapo. Alipigapiga mito ya makochi mpaka ikatuna, akanyoosha vitambaa vya migongoni, akasogeza stuli huku, akairudisha kule, kisha akarudi kinyumenyume hadi mlangoni na kuinamisha kichwa upande kutazama kazi yake. Ndiyo maana baba yake alimbandika jina hilo. Wageni wasiojua walishangaa.

"Huyu si binti yako? Anapangaje kwenu?"

"Anapanga," baba alijibu bila hata kutabasamu, "na kodi halipi."

Jioni moja mama, ambaye ni fundi cherehani, alizima mashine yake na kumwita.

"Bibi yako anaruhusiwa kutoka hospitali wiki hii. Nyonga aliyoivunja alipoanguka imeunga, ila atatembelea fremu ya chuma ya kushikilia kwa muda, na atakaa kwetu mpaka apate nguvu. Chumba cha kulala nitakiandaa mimi. Sebule nakuachia wewe. Nataka akiingia ajione yuko kwake."

Mpangaji alikosa pa kuiweka furaha yake. Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa mkunga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule aliwapokea kwa mikono yake, na hakuona tabu kuwaambia watu wazima mbele za watu, "Wewe ulitanguliza miguu. Msumbufu tangu siku ya kwanza!" Alipenda soga kuliko chai, na sasa sebule ya soga zake ingepangwa na mjukuu wake.

Tena Mpangaji alijua hasa anachotaka. Nyumbani kwa rafiki yake wa darasani aliwahi kuona sebule iliyomkaa moyoni, ing'aayo kama picha ya kalenda. Basi akaazima meza ya kioo kwa shangazi na kuiweka katikati, juu ya zulia dogo la manyoya. Kochi lao kubwa la sponji, laini kama unga, akaligeuza litazame dirisha ili Bibi aone barabara. Mama akamshonea mito ya rangi ya chungwa kwa mabaki ya vitambaa. Kabati la vyombo la baba lilibaki palepale, kando ya mlango wa korido, limesimama kama askari wa zamu.

Bibi alipofika, majirani walikuwa wamekwisha kujaa sebuleni. Alipenya taratibu kati ya kabati na ukuta, fremu ikigonga huku na huku, akaikwepa meza, akajitupa kwenye kochi. Likammeza mpaka magoti yakawa juu kuliko kiuno.

"Mjukuu wangu, pamependeza," alisema. "Pamependeza kweli."

Mpangaji alitunisha kifua. Lakini muda si mrefu Bibi alitaka kwenda kupumzika. Akajivuta mbele, akarudi. Akajivuta tena, akarudi. Mwishowe baba akamshika kwapa moja, mama la pili, wakamnyanyua kama gunia, majirani wote wakitazama. Bibi hakufanya mzaha wowote.

Tangu siku hiyo hakutoka chumbani. Leo kachoka, kesho kichwa kinamgonga, keshokutwa eti anasubiri jua lipungue. Wageni walisimama kidogo kando ya kitanda chake, wakampa pole, wakaondoka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja kumwona alimwambia waziwazi:

"Mama, ukiendelea kulala hivi, nyonga itakakamaa na miguu itaisha nguvu. Lazima utoke humu kila siku, ukae na watu, uinuke, utembee."

"Nimesikia, mwanangu," Bibi alijibu, akavuta shuka.

Mpangaji alimfuata mama jikoni, machozi yakimlengalenga. "Bibi haitaki sebule yangu. Nimehangaika bure."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, mama? Si alisema pamependeza?"

"Pamependeza kuona. Kamuulize pa kukaa pakoje."

Mpangaji alienda, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Bibi, pale sebuleni pa kukaa pakoje?" aliuliza. Bibi naye alimtazama, akatazama ukuta, akashusha pumzi.

"Nitakwambia, lakini usivunjike moyo. Lile kochi limenishinda. Nikizama, siwezi kuinuka peke yangu. Watu ambao mimi ndiye niliyewapokea duniani, leo wanitazame nikinyanyuliwa kama mtoto? Naona haya, mjukuu wangu. Halafu lile zulia linateleza, na pale kwenye kabati fremu haipiti. Na nikitazama dirisha, aliyekaa mbele yangu namwona kivuli tu. Sijui anacheka au amenuna."

Mpangaji akakumbuka. Katika kupanga kwake kote alisimama mlangoni akatazama. Hakuwahi kukaa pale alipotaka Bibi akae.

Wakati wa chakula alisema, "Baba, naomba tuhamishe kabati."

"Kabati lipi? Hilo? Hilo lilikuwa hapo kabla wewe hujazaliwa. Halisogei."

"Basi naomba jambo dogo. Kaa kwenye kochi kubwa, halafu uinuke bila kushika popote."

Baba akacheka. "Jambo lenyewe ndilo hilo?" Akaketi, kochi likammeza. Akajaribu kuinuka. Tumbo likakataa. Akayumba mbele, akarudi nyuma kwa kishindo, miguu ikapaa juu. Mama akaziba mdomo kwa kanga.

"Jamani, nimekwama!" baba alipiga kelele. "Niitieni mkunga!"

"Asinisumbue!" sauti ya Bibi ikatoka chumbani. "Huyo nilimzaa mara moja, inatosha!"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza Bibi kutania tangu aanguke. Baba, akiwa bado amezama kochini, aligeuka akautazama mlango wa korido.

"Kumbe ndivyo anavyohangaika mama yangu," alisema polepole. "Jumamosi tunalihamisha."

Jumamosi walivitoa vyombo vyote kabatini, kimoja kimoja, kisha baba na jirani wakalisukuma hadi ukuta wa nyuma, wakitoa jasho na maneno mengi. Mlango wa korido ukawa mpana kama uwanja. Zulia likakunjwa, meza ya kioo ikarudi kwa shangazi. Badala ya kochi kubwa, Mpangaji aliomba kiti cha mbao chenye mikono imara, kile alichokalia mama akishona vifungo. Alichukua futi ya kushonea, akampima Bibi kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, na mama akakata sponji ngumu ya kukalia.

Bibi alipokijaribu, miguu ilining'inia.

"Sasa mmenipandisha juu ya mti," alisema.

Mama alikuwa na nguo za wateja za kumalizia, kwa hiyo Mpangaji alifumua mshono mwenyewe, akapunguza sponji kwa kisu, akashona upya kwa mkono. Alijichoma kidole zaidi ya mara moja. Mara ya pili kiti kiliinama upande. Mara ya tatu Bibi alikanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, akashika mikono ya kiti, akasimama. Akakaa. Akasimama tena, kama mtu aliyepewa kiti cha enzi.

Rafiki wa darasani alipita siku hiyo, akakunja uso. "Mbona mmeondoa vitu vizuri? Pamekuwa kama pa kusubiria daktari."

Maneno hayo yalimchoma Mpangaji, lakini hakurudisha zulia. Alifikiri kidogo, akaona kuna kweli ndani yake. Akairudisha mito ya chungwa kwenye viti vya wageni, akavisogeza viti hivyo karibu na cha Bibi, ili mazungumzo yasiwe ya kupigiana kelele. Akaweka stuli upande wa mkono wake wa kulia, pa kuwekea glasi ya maji na miwani. Kiti cha Bibi akakigeuza mwanga umjie ubavuni.

"Sasa nakuona mpaka meno," Bibi alisema.

Kesho yake wageni walifika: mkunga mwenzake wa zamani, na mwanamume mmoja mwenye kipara aliyekuja na mke wake. Bibi alitoka chumbani kwa fremu yake, bila kugonga popote, akaketi mwenyewe. Mwenye kipara hajakaa sawasawa, Bibi akaanza.

"Nywele zako zimekwenda wapi? Ulizaliwa nazo nyingi, nilizichana mimi!"

Waliongea mpaka chai ikapoa, ikapashwa tena. Hakuna aliyetazama saa. Mpangaji alikaa sakafuni juu ya mto akiwatazama, na safari hii hakutazama mito wala mapazia.

Wageni walipoaga, Bibi alishika mikono ya kiti. Mpangaji akaruka kumwahi.

"Acha," Bibi alisema kwa upole. "Umekwisha kunisaidia."

Akasimama peke yake. Akaishika fremu, akawasindikiza wageni wake hatua kwa hatua mpaka mlango wa nje, akasimama pale akiwapungia mkono mpaka wakapotea kwenye kona. Baba alijifanya anakohoa na kugeukia ukuta.

Bibi aliporudi kitini, alimvuta mjukuu wake karibu.

"Nisikilize. Mara ya kwanza ulifanya kazi kwa bidii, lakini ulifanya kwa kukisia. Mara ya pili uliuliza, ukapima, ukakosea, ukafumua, ukashona tena, wala hukukasirika. Ndivyo tulivyofanya sisi wodini. Mama akija kujifungua, kwanza unamsikiliza. Ukitaka kumfanyia mtu jema, anza kwa kumuuliza anachohitaji, halafu usione uvivu kurekebisha."

Kisha akawageukia baba na mama, akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Nimepokea watoto wengi, lakini huyu ni wa kujivunia!"

Mpangaji alijaribu kuficha tabasamu. Likamshinda.